Niliokoka kitambo, mbona siku hizi siskii kitu ndani?

"Bwana asifiwe mchungaji. Niliokoka 2009 nikiwa fomu tatu, ilikuwa wikendi ya Christian Union (CU) shuleni kwetu Vihiga, nililia sana ile siku na kwa miezi mingi nilikuwa nashukuru Mungu hata kwa mvua ikininyeshea. Saa hii niko Nakuru, nimeolewa, tuna watoto wawili, nauza nguo za mitumba na naimba kwaya. Lakini ukweli ni kwamba hakuna kitu naskia tena. Wakati wa ushuhuda nasimama nasema maneno yale yale kama redio. Mwaka huu nilianza daftari ya shukrani, nikaacha baada ya wiki chache kwa sababu kila siku nilikuwa naandika uhai, afya, chakula. Mwaka jana mwezi wa nane tulimzika mamangu, nilipolia kwa ushirika mama mmoja akaniambia Biblia inasema shukuruni kwa kila jambo, huzuni ndefu ni kukosa imani, na mtu asiye na shukrani anafunga baraka za nyumba yake. Usiku naamka saa tisa na silali tena. Je, nimepoteza wokovu? Ama mimi ni mtu asiye na shukrani? Nifanye nini nikumbuke kama zamani?"

Bwana asifiwe dada yangu, na pole sana kwa mama. Nimesoma barua yako mara ya pili ndio nikaelewa kwamba umeniuliza kuhusu wokovu na shukrani lakini katikati umeweka kaburi, umelipitia haraka haraka kama mtu anaogopa kuambiwa analia sana. Mimi ni mchungaji hapa Kisumu na pia nimesomea ushauri nasaha, kwa hivo nitakujibu na kofia zote mbili, na nitaanza na ile kitu wewe umeweka mwisho kabisa, hiyo ya usingizi.

Mtu akiniambia haskii kitu ndani, kabla nifungue Biblia huwa namuuliza swali moja: ni Mungu tu ndio huskii, ama ni kila kitu? Ukimwona mtoto wako mdogo akicheza bado unacheka? Ile chapati ulikuwa unapenda bado ina ladha? Wimbo mpya wa kwaya bado unakuingia ama unaimba tu mdomo? Kama furaha imekauka kwa maombi pekee lakini kwingine bado iko, basi tunaongea mambo ya kiroho na nitafika huko. Lakini kama imekauka kila mahali, chakula hakina ladha, watoto wanakuchosha, unaamka saa tisa usiku na akili inakimbia, na imekuwa hivo siku nyingi za wiki kwa zaidi ya wiki mbili, hiyo dada yangu inaweza kuwa dipresheni, na dipresheni haichagui, inazima furaha yote ikiwemo furaha ya Mungu. Mtu wa aina hiyo ukimwambia ashukuru zaidi unamwongezea mzigo, sababu atajaribu, atashindwa, halafu atajilaumu kwa kushindwa.

Kwa hivo nenda ukaonwe. Hapo Nakuru kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, uliza kliniki ya afya ya akili, na kama unaona aibu anza na daktari wa kawaida umwambie tu hulali na huna nguvu tangu ufiwe. Atapima pia damu, maana kupungukiwa damu na shida ya tezi ya shingoni zinaweza kumfanya mtu achoke na kukauka hivo hivo, na huko ni kuomba na kufunga bure wakati tembe zingesaidia. Dawa si kukosa imani. Luka alikuwa tabibu na Paulo alitembea naye, na huyo huyo Paulo alimshauri Timotheo kuhusu tumbo lake. Na kama kuna usiku mawazo yanafika mahali unaona heri usingekuwepo, hiyo usingoje kliniki wala Jumapili, mwamshe bwanako saa hiyo hiyo, ama piga 1199, ni laini ya bure ya Msalaba Mwekundu hapa Kenya.

Sasa twende kwa ile swali imekutesa: nimepoteza wokovu?

Nitakuwa mkweli kwamba makanisa yetu hayajakubaliana kama mtu anaweza kupoteza wokovu. Wabaptisti wengi na Wapresbiteri watakuambia aliyeokolewa kweli Mungu humshika mpaka mwisho, Wamethodisti na wengi wa Kipentekoste watakuambia inawezekana mtu akageuka akaiacha imani. Wote wana mistari yao na mimi sitamaliza huo mjadala leo. Lakini angalia kitu kimoja, hakuna upande wowote hapo unafundisha ati wokovu hupotea kwa sababu hisia zimepungua. Hata wale wanaosema inaweza kupotea wanaongea juu ya mtu kumkataa Kristo, hawaongei juu ya mama amefiwa na hana machozi ya kutosha kwenye ibada. Daudi alipolia ile Zaburi ya 51 alisema "Unirudishie furaha ya wokovu wako." Aliomba furaha irudi. Kwa hivo inawezekana kabisa mtu awe bado ni wa Mungu na furaha haiko, na mtu huyo ameandikwa kwa Biblia na tunaimba zaburi zake.

Kweli Daudi alikuwa na sababu yake, alikuwa amechukua mke wa mtu na kumuua bwana yake, kwa hivo nisikufiche hilo swali pia: kuna dhambi umeificha? Dhambi iliyofichwa hukausha mtu, nimeiona. Lakini kuna namna ya kutofautisha. Roho Mtakatifu akikuonyesha dhambi huwa anaionyesha kwa jina, unajua ni ile pesa, ni yule mtu, ni yale maneno, na anakuonyesha mlango wa kutokea. Kama unachoskia ni tu lawama ya jumla jumla, "wewe ni mbaya, wewe huna shukrani, wewe si kama wengine," na ukiuliza ni nini hasa hakuna jibu, hiyo usiipokee kama sauti ya Mungu. Kama kuna kitu cha jina, kiungame, tubu, rekebisha. Kama hakuna, acha kuchimba, usije ukatengeneza dhambi ndio upate kitu cha kutubu.

Halafu huyo mama wa ushirika. Simlaumu sana, wengi wetu tulifundishwa hivo, lakini amekosea mahali pawili. Kwanza ni hii ya kwamba mtu asiye na shukrani anafunga baraka. Wale wakoma kumi wa Luka 17, tisa hawakurudi kushukuru, na Yesu aliuliza wako wapi wale tisa, ilimuuma. Lakini hatusomi popote kwamba aliwarudishia ukoma. Walienda na ngozi safi. Walichokosa ni kuwa karibu na yeye aliyewaponya, na hiyo ni hasara kubwa, lakini ni tofauti na kufungiwa maji kwa sababu hujalipa bili. Ukianza kushukuru kwa kuogopa baraka zitafungwa, hiyo haiwezi tena kuitwa shukrani, ni hongo. Mungu si askari wa barabarani.

Pili ni hii ya kwamba anayeshukuru hafai kulia. Yohana 11, Yesu amefika kwa kaburi la Lazaro, mstari wa 35 analia machozi, mstari wa 41 anainua macho anasema "Baba, nakushukuru." Mistari mitano tu katikati. Na hakuambiwa achague moja. Tena usiku ule aliotolewa, akijua Yuda atamsaliti, alichukua mkate akashukuru, na hiyo ndio meza anatuambia tuifanye kwa ukumbusho wake. Kwa hivo shukrani ya Kikristo ilizaliwa kwenye usiku wa huzuni, mtu akikuambia hizo mbili haziwezi kukaa pamoja mwambie asome tena. Uliagizwa kumshukuru Mungu ukiwa ndani ya kila jambo, hukuagizwa kufurahia kifo cha mamako. Kifo Biblia inakiita adui.

Najua pia venye mambo huenda kwetu magharibi. Watu wanajaa boma wiki nzima, kuna matanga, kuna kesha, sufuria kubwa, turubai, halafu Jumapili baada ya mazishi watu wanapanda magari wanaenda na unabaki na viti vya kurudisha. Wewe hata hukubaki, ulirudi Nakuru kufungua duka. Kuomboleza kwako kulianza wakati wengine wote walikuwa wamemaliza, na ndio maana mwezi wa pili, wa tatu, ukilia watu wanashangaa.

Haya, tuje kwa kukumbuka, maana hapa ndio naona umebeba wazo lililokuchosha bila sababu. Unafikiri kukumbuka wokovu ni kuskia tena vile uliskia 2009. Na kila ukijaribu kuvuta ile hisia haiji, unaona umesahau. Lakini hakuna binadamu ameumbwa hivo. Akili zetu zimeumbwa kutambua mabadiliko, kitu kikiwa kipya kinatushtua, kikikaa hapo kila siku tunaacha kukiona. Kumbuka siku ya kwanza nyumba kwenu iliwekwa stima, watoto walikuwa wanawasha na kuzima taa wakicheka, baada ya mwezi hakuna mtu alikuwa anaiangalia hiyo balbu mpaka siku ilipopotea. Hakuna aliyekuwa ameacha kuipenda stima. Walizoea tu. Wewe 2009 ulikuwa msichana wa shule, pengine na hofu na hatia zako, ghafla ukaambiwa umesamehewa, hiyo ni mabadiliko makubwa kwa siku moja lazima mwili ulie. Miaka hii yote baadaye msamaha umekuwa nyumba unayoishi ndani. Na usisahau pia ulikuwa kijana, usiku wa pili bila kulala, kwaya inaimba, marafiki wote wanalia. Sisemi hiyo haikuwa kazi ya Mungu, ilikuwa, lakini Mungu alitumia na hayo yote, na huwezi kuyarudisha ukiwa umekaa peke yako kwa jiko saa kumi na moja asubuhi.

Mungu mwenyewe anajua tunazoea. Soma Kumbukumbu la Torati 8, onyo pale halikupewa watu wenye njaa, lilipewa watu ambao watakula washibe, wajenge nyumba nzuri wakae ndani, mifugo iongezeke, halafu mioyo iinuke wamsahau aliyewatoa Misri. Kusahau huja na starehe na kuzoea. Na dawa aliyowapa ni vitu vya kufanya kwa mikono na kwa mdomo, hakuwaambia wajikaze kuskia vizuri. Kila mwaka mle mkate usiotiwa chachu. Mkivuka Yordani beba mawe kumi na mawili myapange, ili watoto wakiuliza haya mawe ni ya nini muwaambie. Samweli akasimamisha jiwe moja akaliita Ebenezeri, "Hata sasa Bwana ametusaidia." Mkulima akileta kikapu cha mazao ya kwanza, Kumbukumbu 26, haruhusiwi kuweka kikapu akaenda, lazima asimame atoe hadithi nzima, baba zetu walishuka Misri, Wamisri wakatuonea, tukamlilia Bwana, akatutoa, na sasa tazama haya mazao. Unaona venye amefunga kikapu cha leo na wokovu wa zamani kwa kamba moja? Nitakirudia hicho kikapu.

Fikiria tu venye nyumbani tunakumbuka marehemu. Ibada ya ukumbusho ikifika hakuna mtu anakaa chumbani akikaza macho ajaribu kuskia uchungu, tunaita watu, tunapika, tunaketi, mmoja anasema "mnakumbuka venye mzee alikuwa anakataa kupanda matatu?" na mwingine anaongezea, na katikati ya hayo maneno ndio unajikuta unalia ama unacheka. Hisia inakuja ikitaka, na isipokuja hakuna mtu atasema hukumkumbuka mzee, maana ulikuja, ulipika, uliongea. Kukumbuka wokovu kuko hivo hivo.

Kwa hivo fanya hivi, na si lazima vyote. Tafuta jioni moja uandike siku ile ya 2009 kama habari, andika kilichotokea na uache vile uliskia. Mlikuwa darasa gani, nani alihubiri, alisoma wapi, ni nani alikushika mkono akaomba na wewe, ulikuwa unaogopa nini kabla ya hiyo siku, na ni kitu gani kilibadilika kwako ambacho hata mwalimu wa darasa aliona. Kama unakumbuka rafiki mlikuwa naye mpigie simu umuulize yeye anakumbuka nini, utashangaa. Ushuhuda tukiurudia rudia kanisani mwishowe hatukumbuki tena ile siku, tunakumbuka tu mara ya mwisho tuliisimulia, ndio maana umeskia kama redio. Ukirudi kwa mambo yenyewe, madogo madogo, unapata kitu cha kushika.

Na wale wanaosoma hapa ambao hawana siku, waliozaliwa kwa mchungaji wakakulia Sunday School na hawajui ni lini hasa, msijione wa daraja la pili. Paulo alikuwa na barabara ya Dameski, Timotheo alikuwa na nyanya Loisi na mama Eunike, na Paulo alimshukuru Mungu kwa imani hiyo hiyo ya nyumbani.

Kuhusu ushuhuda kanisani, hapa nina maneno yangu. Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Rwanda, ukafika Kenya 1937 na baadaye ukaingia Nyanza mpaka Maseno, wazee wetu waliokoka huko. Mtu akishuhudia walimwimbia Tukutendereza, ule wimbo wa Kiganda wa kumsifu Yesu, na kitu walikuwa wakali nacho ni kutembea nuruni, yaani unasema hali yako ya leo na Yesu, leo ameniosha wapi, jana nilimkasirikia nani nikatubu. Siku hizi tumebaki na mfuniko tu. Bwana asifiwe, Bwana asifiwe tena, jina langu ni fulani, nimeokoka nampenda Yesu kama Bwana na mwokozi wa maisha yangu, mniombee, kaa chini. Hakuna ubaya kwa hayo maneno lakini hayawezi kubeba mtu aliyefiwa. Mara nyingine ukiitwa sema mawili tu: nimeokoka, na mamangu alifariki mwezi wa nane na bado nalia, na Alhamisi jirani wa duka aliniuzia nguo zangu nikiwa nimelala juu ya balo, namshukuru Mungu kwa huyo jirani. Huo ni ushuhuda. Pengine kuna mwingine hapo ndani ambaye hajalala tangu mwezi wa tano na anangoja mtu aanze.

Sasa daftari. Haukushindwa kwa sababu huna shukrani, ulishindwa kwa sababu uhai, afya na chakula ni majina ya makabati, hujafungua kabati lenyewe. "Nashukuru kwa chakula" haiwezi kumsisimua mtu yeyote. "Nashukuru mama wa mboga alinikatia sukuma na akaniongezea mkono mmoja akasema ni ya mtoto," hiyo ina mtu ndani. Watafiti Robert Emmons na Michael McCullough mwaka 2003 walichapisha utafiti ambapo kundi moja liliandika mambo ya kushukuru mara moja kwa wiki, lingine likaandika kero zao, lingine matukio ya kawaida tu, na walioandika shukrani walijiona afadhali maisha yao kwa jumla kuliko wengine. Ni mara moja kwa wiki ilitosha. Kwa hivo usijilazimishe orodha kila usiku, Ijumaa moja andika kitu kimoja ama viwili kwa urefu. Hizo kurasa zingine andika madeni ya wateja. Ila nikuonye, mazoezi haya yanasaidia kiasi, si dawa ya dipresheni, na kama ndio hiyo unayo basi daktari kwanza.

Na kila siku je? Kila siku tafuta kitu kimoja ambacho tayari unafanya, kama kufungua kufuli ya duka asubuhi, na hapo useme sentensi moja kwa sauti. Danieli alikuwa na saa zake, mara tatu kwa siku, dirisha wazi, akapiga magoti akashukuru, na alifanya hivo hata siku amri ya mfalme ilikuwa imetiwa sahihi, kwa sababu ilikuwa desturi yake na haikungoja moyo uwe sawa. Na sentensi yenyewe ifunge kama ule mkulima wa kikapu, kitu cha leo pamoja na kile cha msalabani. "Bwana ulinitoa mbali, na leo nina duka la kufungua." Basi. Siku zingine utasema ukiwa mkavu, sema tu, si unafiki. Mnafiki anasema ili watu wamwone, wewe uko peke yako na kufuli. Zaburi ya 103 yenyewe ni mtu anajiongelesha, "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana, wala usizisahau fadhili zake zote." Nafsi ingekuwa tayari imewaka hangehitaji kuiamrisha.

Nawe una watoto wawili, hao watakusaidia kuliko mimi. Kutoka 12 inasema watoto watauliza huu utumishi ni wa nini, na wazazi wajibu. Waambie hadithi ya nyanya yao, venye alikuwa anaomba, na venye mama yao aliokoka shuleni. Watoto huuliza maswali ya maana, "ulikuwa na nguo gani?", "nyanya alisema nini ukimwambia?" Hutaweza kuongea kama redio mbele yao, hawatakubali.

Kisha kuna siku hakuna kitu kabisa cha kushukuru, biashara mbaya, mtoto mgonjwa, kaburi bado jipya. Habakuki alifika hapo. Kitabu chake kinaanza na malalamiko, nitalia hata lini na wewe huskii, na hakukemewa kwa hayo. Kinaisha mtini haujachipuka, mizeituni imekosa, hakuna kondoo zizini wala ng'ombe mabandani, na anasema atafurahi kwa Mungu wa wokovu wake. Hakusema zizi limejaa. Zizi ni tupu na amelitaja hivo wazi. Kwa hiyo siku kama hizo usitafute kitu kidogo cha kujilazimisha kushukuru, rudi tu kwa kile kilichokwisha kufanyika, Kristo alikufa na akafufuka, hiyo haipandi wala kushuka na soko. Yesu aliwaambia wanafunzi hivo hivo waliporudi wakichekelea pepo wanawatii, furahini majina yenu yameandikwa mbinguni. Na siku hata hilo halitoki mdomoni, kuna Zaburi ya 88, inaisha gizani bila hata mstari mmoja wa sifa, na bado ni maombi.

Utashauriwa mengi mengine. Watakuambia ufanye kesha. Kesha ni nzuri, nimehudhuria nyingi, lakini kwa mtu ambaye tayari hapati usingizi nakataa kabisa, Eliya alipotaka kufa chini ya ule mti malaika alimpa mkate na maji akamwacha alale, mara ya pili akampa tena, ndio baadaye Mungu akaongea naye. Watakuambia upande mbegu ya pesa ndio furaha ifunguliwe, hiyo pesa nunua chakula ama lipa daktari. Watakuambia uhame kanisa uende penye moto. Pengine siku moja, lakini mwaka wa msiba si mwaka wa kuhama, utafika huko na huzuni yako hiyo hiyo na hakuna mtu anakujua. Afadhali tafuta mama mmoja hapo kanisani kwenu, mtu mzima, asiyeongea sana, pengine mjane, umwambie ukweli wote na umwombe muwe mnakutana mara kwa mara. Petro aliandikia waamini akisema sitaacha kuwakumbusha ingawa mnayajua, maana yake hata yeye hakutarajia mtu akumbuke peke yake. Na Meza ya Bwana ikija usiikose. Usiende na kipimo cha kuangalia kama umeskia kitu, we kula, kunywa, imetosha.

Jambo la mwisho ni kwaya. Kuimba kila Jumapili "nina furaha tele" na ndani ni jangwa kumekuchosha kuliko unavyofikiri. Omba ruhusa miezi mitatu minne, ukae kwenye viti na bwanako na watoto, uimbiwe na wengine. Mwalimu wa kwaya akikuuliza kwa nini, mwambie umefiwa na mama.